Ungo wa Bibi na Vichwa vya Risasi

Arlette mwanangu,

Nimejifungia chumbani nikuandikie, maana tukiongea tena jioni hii tutagombana tena, na sitaki uondoke nyumbani na maneno ya jikoni masikioni. Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole huku ukiguna, na ukinijibu utanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yako. Sawa tu. Soma.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu, wala za kula, wala za kutafuta kanisa huko Umeå unakokwenda kusoma, wala za kupiga simu Jumapili. Hayo baba yako atakuimbia kesho kwenye gari kutoka hapa Rågsved mpaka huko kaskazini, na kwa vile safari ni ndefu atayarudia. Mimi nina jambo moja, nalo ni zile risasi.

Leo mchana ulinikuta nimekaa sakafuni jikoni, kigogo cha mti mbele yangu, nimeshika ile nyundo ya plastiki ya kuvunjia risasi. Unaitia risasi ndani ya nyundo, unagonga, kichwa kinachomoka kwenye ganda na baruti inamwagika humo humo ndani. Ulisimama mlangoni na sanduku la vitabu mikononi.

"Vad gör du?"

"Nazivunja."

"Alla?"

"Zote."

"Mamma, det var en enda. En!"

Kimoja tu, ulisema. Kichwa kimoja kibaya, tena hakikuwa hata kwenye risasi zilizokwisha kupakiwa, kilikuwa kwenye kopo. Nikakwambia hicho kimoja kinatosha. Ukaniuliza kama nimesahau kwamba Jumamosi una shindano la kwanza na klabu mpya, mbele ya watu wasiokujua, na sasa utakwenda mikono mitupu au utanunua za dukani kwa hela ya chakula. Sikusahau. Ukasema siku zote nilikuwa natafuta sababu ya kukunyima, kwamba sina imani nawe. Ukaweka sanduku chini kwa kishindo, ukaingia chumbani kwako, ukavaa vile visikilizio vyako vikubwa.

Iliniuma, sitakuficha. Wenzako wanaohama nyumbani huwaomba mama zao sambusa za kugandisha. Wewe uliniomba risasi nilizopakia kwa mkono wangu, na mimi nilifurahi mpaka nikamsimulia Birgitta kazini. Majira haya yote ya joto nimekaa kwenye ile mashine yetu ya kupakia, nikivuta mkono wake juu chini, nikifikiria jinsi utakavyojipanga na wageni wale na bunduki yako yenye leseni ya jina lako, na risasi za mama yako ndani. Kwa hiyo usidhani nazivunja kwa moyo mwepesi.

Nianze mbali kidogo. Unajua baba yako hawezi hata kukaa chumba kimoja na bunduki ikiwa imetolewa kabatini. Yeye alikimbia milio ya bunduki Bujumbura na hakutaka kuisikia tena. Mimi pia niliikimbia. Lakini nilipofika huku nikagundua kwamba mlio ulikuja nami. Mlango wa lifti ukijibamiza, mimi chini ya meza. Mwaka mpya wakirusha fataki hapa kwenye viwanja vya Rågsved, mimi bafuni na wewe mgongoni, taa nimezima. Siku moja Birgitta, ambaye tulikuwa tunafunga naye vyombo vya upasuaji pale hospitalini, akaniuliza kwa nini mikono yangu inatetemeka. Nikamwambia. Hakunipa pole. Akasema klabu yao ya shabaha inapokea wageni Jumatano, na pengine nikikishika kitu chenyewe ninachokiogopa nitajua kilivyo.

Baba yako alisema nimerukwa na akili. Pengine. Mara ya kwanza nililia nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, na mzee mmoja wa Kiswidi akasubiri nimalize, kisha akanionyesha tena namna ya kushika. Nilipiga karatasi. Karatasi haikulia, hakuna aliyekimbia, nikatembea mwenyewe nikaenda kulitazama tundu. Sijui kama utanielewa, wewe uliyekulia humu na mlio wa kwanza ulioujua ni wa mama yako akifanya mazoezi. Nilitaka kitu hicho kiwe na ukubwa wake tu, kisizidi.

Sasa, kosa langu kubwa unalikumbuka kwa sababu ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo na sidhani kama mtu alikueleza vizuri. Ulikuwa umekaa nyuma kule klabuni, kwenye benchi, na juisi yako. Bunduki ilipiga mlio mzito kuliko kawaida, magazini, kile kikasha cha risasi, ikaruka chini, na mimi nikabaki na moshi usoni na miwani imejaa vumbi jeusi. Ulikuja mbio, Birgitta akakudaka. Bunduki ilikwisha siku ile. Mimi nilipona kwa sababu ya miwani, na kwa sababu Mungu alikuwa hana kazi nyingine dakika ile.

Watu walisema bunduki ilikuwa imechoka. Haikuwa imechoka. Nilikuwa nimechanganya vichwa.

Hili kosa, mwanangu, angelifanya Mrundi tu. Nilikuwa na makopo mawili ya vichwa vya ziada vya jeshi, kutoka kwa wauzaji wawili, kipimo kimoja. Mswidi angeyaweka rafu mbili tofauti na kuyabandika karatasi. Mimi nilikulia kwenye maharage. Kwetu maharage hayapandwi ya aina moja. Mama yangu alikuwa na shamba dogo mlimani, juu ya mji, na mbegu zake zilikuwa nyekundu, njano, nyeupe, za madoadoa, zote katika kibuyu kimoja, zote shimo moja. Mvua ikizidi hizi zinakufa, zile zinabaki. Jua likizidi, kinyume chake. Mchanganyiko ndio uliotulisha, na mtu mwenye mbegu ya aina moja tulimwona anacheza kamari. Basi na mimi, na akili hiyo hiyo, nikamimina makopo mawili kwenye ndoo moja, nikakoroga kwa mkono, nikaridhika. Nikaona nimejiwekea akiba ya busara.

Vichwa vya kopo la kwanza vilikuwa na mfereji mdogo unaozunguka kiuno, pale midomo ya ganda inapobana. Vya kopo la pili havikuwa nao, na pua yao ilikuwa nene zaidi. Mashine nilikuwa nimeipima kwa vile vya kwanza. Vya pili vilikaa kwenye ganda bila kushikwa sawasawa, na nikivitazama juu juu vyote vilikuwa vinang'aa vilevile. Kwenye bunduki ya kufunga kwa mkono pengine ningesikia kitu kimekwama, ningesimama. Lakini ile, kama hii yetu ya sasa, inajipakia yenyewe. Inachukua risasi inayofuata na kuisukuma mbele kwa nguvu kabla hujapumua, haikuulizi, na kichwa kisichoshikwa kinarudi ndani ya ganda na kuibana baruti. Baruti iliyobanwa haina adabu.

Tangu hapo sichanganyi. Kopo moja linaisha, nasafisha meza, ndipo nafungua jingine, na mashine naipima upya hata kama jina kwenye kopo ni lilelile. Umenicheka mara nyingi kwa hilo. Mama na makopo yake, unasema.

Na nikwambie kitu kuhusu hivi vya ziada, maana huko utavinunua, mwanafunzi hawezi kujizuia na bei nafuu. Ni vichwa ambavyo jeshi la mahali fulani lilitengeneza likavibakiza, au risasi nzima zilizovunjwa na mtu ili vichwa viuzwe. Hakuna aibu kuvinunua. Ila vimepita mikononi mwa watu usiowajua, na muuzaji anayeapa kwamba vyote ni sawa ndiye wa kumwangalia vizuri. Vilivyong'olewa vina makovu ya koleo. Kovu jepesi si neno, lakini kilichobinywa mpaka kikapinda hakirudi kuwa kizima. Viviringishe kwenye kioo, kama nilivyokufundisha na mlango wa ile kabati ya zamani, na chenye kuyumba kikae kando. Chenye rangi nchani usikichezee kabisa, peleka klabuni. Wanajeshi hawapaki rangi kwa urembo, ni alama ya moto au chuma kilichomo ndani. Na usiende navyo porini na wale wawindaji wa huko, hata wakikubembeleza. Vimetengenezwa vipenye na kupita moja kwa moja. Mnyama atakimbia na tundu lake mpaka afie mahali usipomwona. Sheria inakataza, lakini hata isingekataza, wewe ni binti yangu.

Halafu sumaku. Hapa ndipo nilipojikwaa safari hii.

Kopo hili la vichwa vya risasi zako tulilinunua pamoja na Otieno, yule Mkenya wa klabu anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Alilipata kopo kubwa, tukagawana. Nilimwuliza kama amevipitisha kwenye sumaku.

"Mama Arlette, wacha stress," akaniambia. "Kopo ni moja, seal ni moja. Unataka nini tena?"

Simlaumu. Mtu mzima haamini seal, lakiri ya kiwandani, na kosa ni langu. Nilitia mkono nikachota juu, nikavipitisha, sumaku haikushika hata kimoja, nikaanza kupakia. Mimi, Arlette. Mimi niliyekwenda sokoni na mama yangu tangu sijaota meno ya mbele. Kila mtoto wa Bujumbura anajua kwamba mwuza maharage anaweka mazuri juu ya gunia, na kwamba mnunuzi anazamisha mkono mpaka kiwiko ndipo achote. Nilichota juu kama mtalii.

Juzi nilikuwa navimalizia vya chini vilivyobaki, sumaku ikiwa pale mezani kwa bahati tu. Kimoja kikatambaa chenyewe kikajibandika. Kilikuwa na chuma ndani. Wewe unajua klabu yako mpya wanapiga vibao vya chuma, na kwa nini wanakataza kichwa chochote kinachoshikwa na sumaku: hakisagiki kikigonga, kinarudi. Mtu wa pembeni yako ndiye anayekipokea. Na kama kopo limeingiliwa na kimoja cha chuma, basi si kopo moja, na sijui tena pua zake, sijui viuno vyake, na nimeshapakia karibu lote.

Risasi ikishapakiwa na ukawa hujui ndani kuna nini, jibu ni lile tunalolijua kazini. Kule tukitilia shaka koleo moja, trei nzima inarudi kuoshwa, hata daktari awe amesimama mlangoni anapiga mguu. Hakuna anayesema nitakiondoa hiki kimoja.

Sumaku pengine ingenisaidia hata kwa nje, ulisema, pitisha tu kwenye risasi zilizokwisha kupakiwa. Nimepitisha. Haikushika kitu. Lakini sumaku haitaniambia kama midomo ya ganda imeshika mfereji au imeshika hewa, na hilo niliambiwa usoni siku ile ya moshi.

Nilipokuwa nagonga ile nyundo leo nilimkumbuka bibi yako, mama yangu, ambaye hukumwona. Nitakuambia, kisha nikuache ulale.

Nilikuwa mtoto, darasa la pili au la tatu. Usiku watu wenye bunduki walipigana karibu sana na kwetu, tukalala chini ya kitanda. Asubuhi kulikuwa na tundu kwenye ukuta wa stoo, na gunia la maharage limetoboka. Hilo gunia ndilo tulilokuwa nalo. Barabara zilifungwa, soko limefungwa, hakuna aliyejua litafunguliwa lini. Mama akachukua ungo wake, akachota, akaanza kuchambua pale uani, na kwenye ungo wa kwanza akakikuta. Kichwa cha risasi, pua imekunjika, kimekaa katikati ya maharage kama kokoto. Akanipa nikishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea. Hicho ndicho cha kwanza nilichowahi kushika.

Nikasema, "Mama, umeshakipata. Pika sasa."

Akasema, "Hiki nimekiona. Kingine sijakiona."

Akachambua gunia lote. Ungo baada ya ungo, akipepeta, akimimina kwenye shuka, akichota tena. Ndugu zangu walilia njaa. Mimi nilimchukia, nakwambia ukweli. Nilikaa mbali naye nikamgeuzia mgongo, kama ulivyonigeuzia leo, na kama ningekuwa na visikilizio ningevivaa. Tulikula jua likizama.

Hakupata kingine. Gunia zima, na hakupata kingine chochote. Kwa miaka mingi hadithi hiyo nilimsimulia baba yako kama kichekesho, jinsi mama yangu alivyotutesa bure.

Leo nimeshavunja zaidi ya nusu. Vichwa nimevimwaga kwenye ungo ule ule, ule unaouita pizzabricka, sinia la piza, na ambao umening'inia juu ya friji tangu uzaliwe. Nimevipitisha kimoja kimoja. Sijapata kingine cha chuma. Huenda nisipate. Huenda ukawa na haki, kilikuwa kimoja tu, na nimekuharibia Jumamosi yako bure. Nalikubali hilo. Hata hivyo nitazimaliza zote, na ningezivunja hata kama ungekuwa unaondoka sasa hivi na gari linaunguruma chini.

Na si kwamba sina imani nawe. Wewe unapiga vizuri kuliko mimi, mkono wako hautetemeki, haujawahi kutetemeka, na kila nikiuona namshukuru Mungu kwamba kuna kitu kimoja hukukirithi. Nisichokiamini ni kopo. Nakupenda mno, siwezi kukupa kitu nilichokichota juu.

Kwa hiyo kesho hutapata risasi. Utapata maganda matupu, safi, na mashine yenyewe, maana nimeamua uichukue. Mimi nitatumia ya Birgitta. Utapata sumaku. Utapata vichwa vitakavyopita, kwenye mfuko mmoja, na hivyo vilivyokaa kando nitampelekea Otieno nimwonyeshe seal yake. Baruti na viwashio utanunua mwenyewe huko, na utavifungia kabatini. Jumamosi piga na za dukani. Nimekwambia sitakuandikia habari za chakula, lakini friji ya rafiki yako utakayepanga naye nimeshaiona kwenye picha, na baba yako amekufungashia maharage ya kutosha.

Na ungo ni wako. Utacheka, utasema mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ya wanafunzi na ungo. Uweke ukutani useme ni urembo. Siku ukinunua kopo lako la kwanza, ushushe.

Ngoja.

Nasikia nyundo. Nilidhani ni jirani wa chini anagonga bomba kutulalamikia, lakini inatoka jikoni. Baba yako hajarudi kutoka kazini, na hata angekuwepo hawezi kuigusa. Kwa hiyo ni wewe.

Unagonga kwa hasira, Arlette. Kichwa kinataka pigo moja lililonyooka, si matatu ya kelele. Sogeza kigogo kiwe katikati ya zulia, saa nne ya kuacha kelele bado, tuna muda. Naweka kalamu, nakuja kushika ungo.

Mama yako,
aliye njiani kuja jikoni